Katipete: kuoanisha kati na mpira wa pete kwenye kiwanja kimoja

Ukitaka kuunda mchezo mpya kwa kuchanganya miwili iliyopo, usianze na jina wala na vifaa. Tafuta kwanza kanuni mbili zinazogombana. Kwenye mpira wa pete, aliyeshika mpira hatembei: anakita mguu mmoja, ana sekunde tatu, apitishe au arushe golini. Kwenye kati, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, anayesimama amekwisha. Ziweke hizo mbili kwenye kiwanja kimoja na mchezo umeshazaliwa kabla hujachora hata mstari, kwa sababu kila anayedaka mpira anakuwa shabaha kwa sekunde tatu. Kanuni nyingi zinazofuata hapa chini ni za kuufanya ugomvi huo uchezeke, na za kuzuia upande mmoja usiumeze mwingine.

Kati haihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyekulia mitaa ya Nairobi kama Umoja, Kariobangi au Buruburu. Warushaji wako huku na huku, wengine wako katikati wanakwepa, na mpira ni wa soksi. Majirani zetu Watanzania wana rede, ambayo ni binamu yake. Mpira wa pete nao umejaa shule za msingi za Kenya, ingawa wavulana wengi huutazama kutoka kando wakisema ni wa wasichana. Hilo lina faida yake hapa, kama tutakavyoona.

Si kila jozi inaoana. Brikicho, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, na soka hazitaoana kamwe: mmoja unataka usionekane, mwingine unataka uonekane uitwe, na hakuna kanuni ya huku inayoigusa ya kule. Ukizilazimisha utapata soka inayosimama kila dakika mbili watu wakatafutane nyuma ya tangi la maji. Hata pale jozi inapoeleweka, kuna kuchanganya kwa kupokezana na kuchanganya kwa kuyeyusha. Pambano la chesi na ndondi, lile Mholanzi Iepe Rubingh aliloliandaa Amsterdam mwaka 2003, ni la kupokezana: raundi ya mezani, raundi ya ulingoni, tena mezani, mpaka mmoja aangushwe au mfalme wake anaswe. Ugomvi pekee ulioko ni kwamba kichwa kinachopigwa makonde ndicho kinachotakiwa kufikiri. Sepak takraw ya Asia ya Kusini-Mashariki imeyeyuka kabisa: wavu uko mita 1.52 kwa wanaume kama wa kuchezea kwa mikono, lakini mikono imekatazwa, kwa hiyo mtu analazimika kupindukia hewani ili apige kwa mguu. Uzuri wote wa mchezo ule unatoka kwenye hilo katazo moja.

Katazo zuri lina thamani kuliko ruhusa kumi. James Naismith alipoandika kanuni 13 za mpira wa kikapu huko Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, alichukua mpira wa soka, akaliweka goli juu ya vichwa ili ubavu usisaidie kitu, kisha akakataza mtu kukimbia na mpira. Hoja yake ilikuwa kwamba kwenye raga watu huangushana kwa sababu aliye na mpira anakimbia nao. Mzuie kukimbia na hakuna haja ya kumwangusha. Kudundadunda mpira kulikuja baadaye. Mpira wa pete ulipochipuka kutoka kikapu huko Uingereza katika miaka ya 1890, ulibaki na katazo lile, na unalo hadi leo. Katipete inalirithi hapo.

Kiwanja

Tumia kiwanja cha voliboli, mita 18 kwa 9. Shule nyingi zina kimoja, na hata pasipokuwepo, kipimo hicho huingia kwenye maegesho ya ploti ya kawaida magari yakiondolewa Jumapili asubuhi. Kwa kuchora, kamba ya mita 12 yenye alama kwenye mita 3 na mita 7 inatosha kupata pembe mraba: pande za 3, 4 na 5 zikivutwa sawasawa, kona imekaa. Ukimaliza pima mshazari kutoka kona hadi kona. Ukisoma mita 20 na sentimita 12, kiwanja kimenyooka. Kwenye lami au kabro chora kwa chaki. Kwenye udongo tumia majivu. Chokaa huonekana vizuri zaidi, lakini ikipeperuka machoni inachoma, na huu ni mchezo wa watu kujitupa chini.

Gawa kiwanja kwa mstari wa katikati, vipande viwili vya mita 9 kwa 9. Kila mwisho, katikati ya mstari mfupi, simamisha nguzo ya pete, kisha kutoka kwenye nguzo chora nusu duara ya mita 4. Nje ya mistari mirefu, mita moja kutoka ukingoni, chora mstari mwingine sambamba. Huo ndio mstari wa warushaji na hawauvuki. Mita hiyo moja inaonekana kitu kidogo lakini ndiyo inayompa mtu aliye ukingoni nafasi ya kuona mpira ukitoka mkononi.

Kiwanja kilale mashariki kwa magharibi, pete moja upande wa jua kuchomoza na nyingine upande wa kutua. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo mwaka mzima jua la jioni liko magharibi, chini chini. Kiwanja kikilala kaskazini kwa kusini, warushaji wa upande wa magharibi wanarusha kutoka ndani ya jua na waliomo hawaoni kitu. Kikilala mashariki kwa magharibi, anayesumbuka ni mfungaji anayelenga pete ya magharibi tu, na heri mtu akose goli kuliko apigwe asichokiona.

Ardhi nyeusi ya Embakasi na kwingineko Eastlands haifai ikiwa na maji hata kidogo, inashika kiatu na kupinda kifundo. Murram ni nzuri ikimwagiwa maji kidogo nusu saa kabla. Kabro ni bora kwa kuteleza kidogo lakini inachuna magoti, kwa hiyo kaptura si vazi lake.

Nguzo na pete

Kipimo rasmi cha pete ni milimita 380 kwa ndani, na huwekwa mita 3.05 kutoka ardhini, ikiwa imesogea milimita 150 mbele ya nguzo. Fundi wa Kamukunji au Gikomba atakupindia pete kwa nondo ya milimita 12. Mwambie akate mita 1 na sentimita 23 kwa pete, akikata 1.19, yaani mzingo wa ndani, pete itatoka ndogo, kwa sababu chuma hupindwa kwa kipimo cha katikati ya unene wake. Kuongeza kipande cha sentimita 15 cha kuishika nguzoni ni kuchomelea tu.

Kwa nguzo, bomba la chuma la inchi mbili huuzwa kwa urefu wa mita 6. Likate katikati, upate nguzo mbili za mita 3. Pete ikikaa juu kabisa itakuwa imepungukiwa sentimita 5 na kipimo rasmi, na hakuna atakayezililia. Ukitaka 3.05 kamili utanunua mabomba mawili na kubaki na vipande viwili vya chuma visivyo na kazi. Kwa watoto wa chini ya miaka 12, shusha pete hadi mita 2.4.

Kitako ni tairi kuukuu la gari dogo, rimu 14. Chomelea vipande viwili vya nondo kwa msalaba chini ya bomba ili lisizunguke ndani ya zege. Tandaza gunia chini, weka tairi, simamisha bomba katikati, lifunge kwa kamba tatu lisimame wima, kisha jaza zege: ndoo moja ya lita 10 ya simiti, ndoo mbili za mchanga, nne za kokoto. Hiyo inatosha tairi moja. Mfuko wa kilo 50 utajaza matairi yote mawili na kubaki. Liloweshe kila asubuhi kwa siku saba kabla ya kulisogeza. Likikauka linapita kilo 90, na watu wawili wataliinamisha na kulibingirisha kwa ukingo hadi stoo. Mafundi wengi watakushauri uchimbe shimo badala yake. Usikubali, labda kiwanja kiwe chako, kwa sababu Jumatatu magari yatarudi.

Uzito huo unastahimili mpira kugonga pete mchana kutwa. Haustahimili kijana kuning'inia. Anayening'inia anatolewa zamu nzima bila mjadala.

Mipira

Mpira wa pete wenyewe ni namba 5, gramu 400 hadi 450, mzingo wa sentimita 69 hadi 71. Watoto wachukue namba 4. Ujazwe upepo vizuri. Mpira mlegevu haupitishwi haraka, na hapa haraka ndiyo kila kitu.

Mpira wa kati ndio unaohitaji mkono wa fundi. Zamani kiini kilikuwa makaratasi ya nailoni yaliyokunjwa, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, na hata hivyo nailoni ikishindiliwa inakuwa ngumu kama kiazi. Tumia vipande vya sponji kutoka godoro kuukuu, vilivyokatwa ukubwa wa kidole gumba. Chukua soksi nene ya pamba iliyobaki bila mwenzake, shindilia sponji mpaka kisigino, sokota shingo ya soksi, kisha ipindue ije juu ya kile ulichojaza. Sokota tena, pindua tena. Vika soksi ya pili kutoka upande wa pili ili fundo la kwanza lifichike. Vika ya tatu, kisha shona mdomo kwa uzi wa nailoni, mishono ya msalaba, bila fundo lolote nje. Fundo likibaki nje ndilo litakaloacha alama ya wekundu mgongoni mwa mtu.

Upime kwenye mizani ya duka. Gramu 120 hadi 150 ndiyo shabaha, upana wa sentimita 10 au 11. Chini ya gramu 100 upepo unaucheza na mrushaji analazimika kusogea; ukipita 200 unauma. Soksi za nailoni zinateleza mkononi, na kiini cha jiwe, ile tabia ya watundu, kinamaliza mchezo siku hiyohiyo. Tengeneza mitatu: mmoja uwanjani, mmoja wa akiba kila upande. Mvua ikinyesha sponji inafyonza maji na uzito unapanda haraka, kwa hiyo hata manyunyu tu yakianza, simamisha.

Jinsi unavyochezwa

Timu mbili za watu watano. Mmoja wa marefa ana saa na kipenga, mwingine anaangalia nani kapigwa. Zamu ni dakika nne. Timu moja inaingia kati watu wote watano na mpira wa pete. Nyingine inatoa warushaji wanne na mmoja anayeingia ndani, ambaye kila mtu atamwita mwizi, kwa hiyo tumwite mwizi. Zamu ikiisha mnabadilishana. Zamu tatu kwa kila timu, bao moja kila mpira unaopita petini kutoka juu.

Warushaji wamefungwa kila mmoja kwenye robo yake: wawili upande huu, wawili ule, na hakuna anayevuka usawa wa mstari wa katikati. Hili ndilo fundo la mchezo. Mpira wa pete ukihama kutoka nusu hii kwenda nusu ile, warushaji wa nusu ya kwanza hawana tena shabaha nzuri. Wanalazimika kuupeleka mpira wa kati kwa wenzao, kwa kuwapitishia ukingoni au kuuvusha kiwanja. Basi kuna mipira miwili inakimbizana. Wa kati unaufuata wa pete, na timu inayopitisha haraka kuliko mwenzake ndiyo inayopumua.

Sekunde tatu ni za wote. Aliye na mpira wa pete anahesabiwa tatu, na mrushaji aliye na mpira wa kati anahesabiwa tatu. Refa ahesabu kwa sauti. Aliyeshika mpira wa pete anageuka kwa mguu wake wa kukita, anaweza kuinama, kujipinda, kuinua mguu mwingine, lakini hawezi kuruka na kutua nao.

Ukipigwa huna mpira, umetoka. Ukipigwa una mpira, hutoki, unaupoteza tu. Mwizi anauchukua na kuubingirisha popote ndani ya kiwanja, kwa kawaida kule mbali na pete mnayoilenga, na mnaufuata huku saa ikikimbia. Mpira wa kati ukigonga mpira wa pete mkononi, si kitu. Ukigusa chini kwanza, si kitu. Ukidakwa safi na mtu asiye na mpira wa pete, mmoja wa waliotoka anarudi. Ukimponyoka, ametoka yeye.

Mabao hufungwa kwa kupokezana pete: pete ya mashariki, kisha ya magharibi, kisha tena mashariki, na mfungaji awe ndani ya nusu duara. Kila bao linamrudisha mtu mmoja, aliyetangulia kutoka atangulie kurudi, akiingilia nyuma ya pete iliyofungwa. Akibaki mmoja tu ndani, zamu imekwisha, maana hana wa kumpitishia na hawezi kutembea na mpira.

Mwizi anakaa angalau mita moja kutoka kwa mwenye mpira. Haingii kwenye nusu duara mpaka mpira uingie. Akinasa pasi, anaubingirisha vilevile. Ana kazi nyingine: mpira wa kati ukifia ndani ya kiwanja, yeye pekee ndiye anayeupiga teke kutoka nje. Mpira wa wenzake ukimpata yeye, haumdhuru mtu, na hapo wajanja wa kati hujifunza haraka kujificha nyuma yake. Waache; ni halali, na inachekesha.

Mpira wa pete ukitoka nje, unarudishwa pale ulipotokea, na hakuna kurusha wa kati mpaka urejee mchezoni. Wa kati ukiruka zaidi ya mita tano nyuma ya warushaji, chukua wa akiba, na uliopotea ndio utakuwa wa akiba ukiletwa.

Kwa nini kanuni hizi na si nyingine

Mtu akisikia kati na pete, toleo la kwanza linalomjia ni kwamba yeyote anayepigwa atoke. Lijaribu na utaona linakufa. Warushaji wanampiga mwenye mpira peke yake, kwa sababu amesimama. Ndani ya dakika moja kati imebaki na wawili, na wale wengine hawakupata hata nafasi ya kukwepa. Mbaya zaidi, hakuna anayethubutu kulenga pete. Mfungaji ameinua mikono, macho juu, mguu umekita, na mrushaji yuko mita tano na nusu kutoka kwake. Kumtofautisha aliye na mpira na asiye nao kunaponya yote mawili. Mrushaji sasa ana uamuzi wa kufanya: ampige mfungaji avunje shambulizi, au ampige anayezurura apunguze idadi? Sekunde tatu si nyingi za kufikiria hilo.

Kosa la pili ni warushaji kushikilia mpira. Bila kuhesabiwa, mrushaji mwerevu hakurushi. Anakungoja udake, ukidaka ndipo anakufyatulia. Mchezo unaganda. Ndiyo sababu hesabu ni ya pande zote mbili.

La tatu ni kufunga pete moja tu. Timu inapiga kambi chini yake, warushaji wawili wa nusu nyingine wanasimama wakipiga soga, na ule mbio wa mipira miwili unatoweka. Kubadilisha pete kila bao kunawalazimisha watu watano kuvuka mita 18 wakiwa wanarushiwa.

Mizozo itakuwepo. “Imegusa nguo tu” itasemwa kila zamu. Kanuni iwe nguo ni mwili na nywele si kitu, na mpira wa kati upakwe unga wa chaki ili uache alama kwenye fulana nyeusi. Fulana nyeupe zinaharibu mpango huo, kwa hiyo vaeni rangi nzito. Kupiga juu ya mabega hakumtoi mtu. Badala yake mmoja wa waliotoka anarudishwa, na mrushaji akirudia katika zamu hiyo anakaa nje hadi iishe, timu yake ikibaki na robo tupu.

Hatari kubwa kuliko zote haitoki kwa mpira wa soksi. Inatoka kwa ule wa gramu 400. Mtu amegeuza macho kwa mrushaji, mwenzake anampitishia, na mpira unamwangukia usoni. Sharti pasi itanguliwe na jina. Pasi isiyoitwa ipulizwe kipenga na mpira apewe mwizi. Kucha zikatwe, saa na herini zivuliwe, kama ilivyo kwenye mpira wa pete wa kawaida. Na wenye magari waombwe wayasogeze mapema, kwa sababu kioo cha pembeni hakijui kukwepa.

Mbinu

Kwa mrushaji, shabaha bora ya mwenye mpira ni kifundo cha mguu uliokita. Kiwiliwili kinajipinda, mkono unajivuta, na mpira wa pete wenyewe unakinga kifua, lakini ule mguu hauwezi kwenda popote. Rusha chini, mkono ukipita karibu na goti lako.

Kwa wasio na mpira, zuga. Mtazame mrushaji mzuri kwa karibu: bega linatangulia, mkono unapita sikioni, kiganja kinafunguka, na mpira haujatoka, umebanwa kwa kidole gumba na cha shahada. Watatu ndani wamesharuka. Sasa wako hewani na hakuna anayeweza kubadili mwelekeo akiwa hewani. Mkono unarudi nusu tu, na mpira unatoka kwa kifundo pekee, polepole kiasi, ukamkute wa karibu miguu yake ikigusa chini. Jibu la walio ndani ni kutoruka. Kaa umeinama kidogo, uzito kwenye vidole vya miguu, utazame kiganja na kulipuuza bega.

Kwa timu ya kati, pasi moja ndefu inayovuka mstari wa katikati ina thamani kuliko tano fupi, lakini iwe ya kudunda mara moja, chini ya mikono ya mwizi. Pasi ya kuning'inia inampa mwizi muda, na inawapa warushaji muda zaidi. Na mfungaji asingoje kutulia. Adake akiwa tayari ameelekea petini, arushe kwa hesabu ya pili. Wavulana waliozoea kikapu hapa ndipo wanaponaswa: wanataka kudunda mara moja kwanza, wanatembea, wanapulizwa. Msichana aliyechezea timu ya pete ya shule anawafundisha adabu kwa zamu nzima.

Kubadilisha kanuni

Mtaa wako utataka kuongeza lake, na ni sawa. Badilisha moja kwa wakati mmoja, cheza zamu mbili nayo, na umweke mtu pembeni na simu apime jambo moja tu: jumla ya sekunde ambazo mipira yote miwili imetulia. Kanuni mpya ikiongeza muda huo, itupe hata kama imeshangiliwa. Mapendekezo yanayokuja kwanza karibu kila mara ni kuongeza mpira wa pili wa kati na kumwongeza mwizi wa pili. Mpira wa pili unafaa kwa watu wazima wenye mikono ya haraka tu. Kwa watoto unaondoa kukwepa, kwa sababu hakuna anayeweza kutazama pande mbili. Mwizi wa pili haufai kabisa. Kiwanja cha mita za mraba 162 kinajaa, pasi zinakufa, na mabao yanakauka.

Mkiwa wanane, kila timu iwe na wanne: ondoeni mwizi kabla ya kuondoa mrushaji, na kazi yake ya kubingirisha mpira aifanye refa. Mkiwa saba, wa saba awe mwizi wa kudumu, anacheza dhidi ya kila aliye ndani, na mabao yanayozuilika kwa kunasa pasi yahesabiwe kwake binafsi. Warushaji wakibaki watatu, wawili wafungwe kwenye robo zao upande mmoja, na wa tatu apewe upande mzima wa pili, mita 18 zote. Mweke hapo mwenye mapafu.